Somo la Historia Masisi na Walikale

Mwalimu wa Kivu akitaka kuwaonyesha watoto jinsi nchi inavyogeuka, asianze na Roma. Aanze na malisho ya Masisi. Tangu mwaka 1937 hata 1955 serikali ya Wabelgiji ilihamisha watu wa Rwanda kuja huku, kwa maana kwao palijaa, tena walowezi walitaka vibarua. Wahunde waliona ardhi yao ikigawiwa na ofisi. Ugomvi huo haukufa: Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, Walikale, na mauaji yakaenea hata Masisi. Watoto watauliza kosa ni la nani, nao wameketi benchi moja, wa huku na wa kule. Basi mwalimu awaulize kwanza: nani aligawa ardhi?

Halafu bei. Mawe ya bati yalipopatikana Bisie, mwaka 2002, vijana waliacha majembe wakabeba magunia ya kilo 50 msituni. Huko Kilambo ndege zilitua juu ya barabara yenyewe, zikapeleka mawe Goma. Septemba 2010 rais alikataza uchimbaji. Ruhusa ikarudi Machi 2011. Kwa miezi ile sita, wengi hawakuwa na bati wala muhogo shambani.