Mwaka Mmoja Si Msamaha: Kukiri, Kutubu na Dhana Njema kwa Wanariadha Waliotumia Pufya

Mnamo Oktoba 2025, Kitengo cha Uadilifu wa Riadha kilimpiga marufuku Ruth Chepngetich, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, kwa miaka mitatu. Adhabu iliyomkabili ilikuwa ya miaka minne. Mmoja ulipunguzwa kwa sababu alikiri kosa mapema. Ni rahisi kulisoma punguzo hilo kama cheti cha uaminifu: amekiri, basi adhaniwe wema. Makala hii inaupinga usomaji huo.

Kwamba kukiri kuna manufaa, hakuna anayebisha. Ubishi uko katika kinachofuata. Wapo washikiliao kuwa mwongo hasadikiki hata akisema kweli; wapo waonao kuwa aliyekiri keshalipa deni. Kambi zote mbili zinampima mtu badala ya kupima kauli yake. Kiswahili hakikubali mkanganyo huo, kwani kukiri si kutubu: kukiri ni kauli, kutubu ni tendo. Katika mafunzo ya Kiislamu, toba inayogusa haki za watu haitimii mpaka haki hizo zirudishwe.

Tuirejelee kesi yenyewe. Sampuli ya Machi 14, 2025 ilikuwa na haidroklorothiazaidi, dawa ya kuongeza mkojo inayoweza kuficha nyingine, kwa kiasi kilichokadiriwa kuwa nanogramu 3,800 kwa mililita. Kiwango cha kuripotiwa ni 20. Mwanzoni mwanariadha hakuwa na maelezo. Baadaye alisema aliugua akanywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Maelezo hayo hayakumwondolea shtaka la uzembe uliokithiri, unaohesabiwa sawa na kukusudia. Ndiyo maana hesabu ilianzia miaka minne. Kilichompunguzia ni kulikubali shtaka bila kudai kesi isikilizwe. Kwa hiyo mwaka ule ni bei ya kuokoa muda na gharama, wala hauthibitishi kuwa simulizi lake limeaminiwa. Kitengo kilisema kitaendelea kuchunguza yaliyopatikana katika simu yake, huku rekodi yake ya Chicago ya 2024, saa 2, dakika 9 na sekunde 56, ikibaki.

Ikiwa punguzo si kipimo, kipimo ni kipi? Napendekeza swali moja: ungamo limetoa nini ambacho mshtaki hakuwa nacho? Mwendesha baiskeli Lance Armstrong alipokiri Januari 2013, mataji yake saba ya Tour de France yalikuwa yameshafutwa. Akakubali yaliyothibitishwa, akakana kutumia pufya mwaka 2009 na 2010. Floyd Landis, aliyewahi kuwa mwenzake wa timu na aliyekana kutumia pufya kwa miaka minne, alifichua mwaka 2010 mambo ambayo wenzake waliyathibitisha baadaye kwa kiapo. Landis alikuwa mwongo wa muda mrefu, na alikuwa na maslahi yake. Hata hivyo, ungamo lake ndilo linalostahili dhana njema.

Itapingwa kwamba kipimo hiki kitawafunga watu midomo. Sidhani. Kanuni ya Dunia ya Kupambana na Pufya tayari inaruhusu adhabu kupunguzwa hadi nusu kwa anayejitokeza kabla ya ushahidi mwingine kuwapo, na kuahirishwa hadi robo tatu kwa anayesaidia kuwafichua wengine. Mizani hii inafahamika kwa watunga sheria. Sisi watazamaji ndio tumeisahau.

Pingamizi zito zaidi ni la mtu aliyekosa mara moja tu, asiye na la kuongeza. Huyo huenda tukamdhulumu. Lakini naye ana cha kutoa: simu yake, daktari wake, daftari lake la mazoezi. Akivifungua bila kushurutishwa, shaka iliyobaki na iwe upande wake.