Walioifuata kodi kwa miguu

Kabla ya lori na lami, mwanamume wa Undendeule, nchi ambayo leo imo ndani ya Wilaya ya Namtumbo, aliujua ukubwa wa Tanganyika kwa nyayo zake. Mkonge, uliompa fedha za kodi, ulikuwa Tanga, Morogoro na Lindi. Yeye alikaa mashariki ya vilima vya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma.

Njia zenyewe ni kongwe. Karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilizikanyaga kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa. Ni katika ukanda huo, karibu na Liwale, wapiganaji wa vita ya Majimaji walikomuua Askofu Cassian Spiss Agosti 1905, akitoka pwani kwenda Peramiho. Mwaka uliofuata Wajerumani walimnyonga Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni, mjini Songea, na njaa ikamaliza wengi waliosalia. Vita ikaisha, kodi ikabaki, na fedha za kuilipa zilikuwa mkongeni.

Njiani kwenda huko, katika pori la mito Luwegu na Mbarang'andu, kutembea peke yako ilikuwa kumwandalia simba karamu. Watu waliondoka kiangazi, mito imepungua, ndugu na majirani pamoja, unga na chumvi begani, sufuria moja ya wote. Jioni walikata miiba wakajizungushia boma, wakakusanya kuni za kufikisha alfajiri, wakalala kwa zamu. Aliyevimba miguu aliachwa kijiji cha mbele, na wenzake wakaendelea. Kodi haikumngoja mgonjwa.

Mwanaanthropolojia Philip Gulliver aliwachunguza Wangoni na Wandendeule, akachapisha matokeo mwaka 1955. Wakubwa waliopenda kudhani kijana anakimbia jembe hawakupata faraja humo: watu walikwenda kwa sababu nyumbani hakukuwa na kipato, na wengi walirudi.

Kuanzia 1944 shirika la wenye mkonge, SILABU, likawa likiwasomba manamba, vibarua wa mkataba. Wakazi wengi wa Liwale nao walihamishwa, hifadhi ya Selous ikatanuka, njia ya zamani ikamezwa na miombo. Lakini mshindani halisi wa mkonge alikuwa tumbaku ya moshi, iliyouzwa kupitia ushirika wa NGOMAT, ulioanzishwa 1936. Bani la kukaushia tumbaku nalo lina adha zake: kukata magogo, kuamka usiku kuchochea moto, macho mekundu msimu mzima. Ila mtu alilala kwake.