Wapangaji ndani ya seli zetu

Haya jamani, leo naacha siasa kidogo. Waliosoma baiolojia sekondari watakumbuka sentensi ile ya kukariri: mitokondria ni kiwanda cha nishati cha seli. Ukiandika hivyo unapata maksi yako, basi. Mimi hakuna aliyeniambia kwamba kiwanda chenyewe zamani kilikuwa bakteria aliyejitegemea, akamezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, asisagwe, akabaki humo kama mpangaji. Kloroplasti nazo, zile zinazoyapa majani rangi ya kijani, asili yake ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua.

Anayesifiwa kwa wazo hili ni Lynn Margulis wa Marekani. Makala yake ilikataliwa na majarida yapatayo 15, mpaka ikachapishwa mwaka 1967 akiwa hajafikisha miaka 30. Ilitoka kwa jina la Lynn Sagan, la yule mwanaastronomia Carl Sagan ambaye walikuwa wameshaachana.

Hadithi tamu: mwanamke kijana, wakubwa wanacheka, mwisho wanasalimu amri. Nilipochimba nikaona tunasimuliwa nusu. Mrusi Konstantin Mereschkowsky alishaandika kuhusu kloroplasti mwaka 1905. Mwaka 1927 Mmarekani Ivan Wallin akatoa kitabu kizima kuhusu mitokondria, akadai hata kuwa amezikuza nje ya seli. Wenzake wakamdharau, na kwa hilo la kuzikuza walikuwa na haki, maana mitokondria hazijiwezi tena nje ya seli. Watu hawa nao walikuwa wabishi kweli kweli, mbona wakasahaulika?

Jibu ni DNA. Mwaka 1962 na 1963 watafiti walionyesha kwamba kloroplasti na mitokondria zina DNA yake zenyewe, mbali na ile ya kwenye kiini cha seli. Kwa binadamu, ile ya mitokondria ni duara dogo lenye jeni 37 tu. Nyingi za zamani zilihamia kwenye kiini au zikapotea. Kisha, kuanzia mwaka 1975, RNA ya ribosomu za kloroplasti ikalinganishwa na ya bakteria, undugu ukaonekana wazi. Mitokondria zikafuata. Wallin hakuwa na kitu cha namna hiyo mkononi.

Halafu kuna jambo ambalo mashabiki wa Margulis hulipitia haraka. Makala ile ya 1967 ilikuwa na dai la tatu: kwamba hata mikia ya seli, kama ule wa mbegu ya kiume, ilitokana na bakteria. Ushahidi umetafutwa, haujapatikana. Yeye hakulegea. Baadaye akatilia shaka hadharani hata kwamba VVU ndivyo vinavyosababisha Ukimwi, wakati ushahidi ulikuwa umejaa tele, na hapo mimi nilishindwa kabisa kumfuata. Alifariki Novemba 2011, bado akiutetea ule mkia.