Hôtel Lambert: jumba linalobadilisha wenyewe, jina halibadiliki

Nimepotea kidogo, majaribio ya katikati ya muhula yalinibana kweli kweli. Leo nawaletea stori niliyokutana nayo nikisoma historia ya Ulaya, na imeniganda kichwani. Ni ya nyumba moja ya Paris, Hôtel Lambert.

Jina lisiwadanganye, haijawahi kuwa gesti. Wafaransa wa zamani wakisema hôtel walimaanisha pia jumba la mjini la mtu mwenye cheo au fedha, lenye ua wake na geti lake. Hili lipo kwenye kisiwa cha Saint-Louis, katikati ya mto Seine. Lilijengwa kuanzia miaka ya 1640 kwa ajili ya tajiri Jean-Baptiste Lambert. Ramani ilichorwa na Louis Le Vau, ambaye baadaye alijenga Versailles. Kuta na dari zikapambwa na wachoraji wakubwa wa enzi hizo, Charles Le Brun na Eustache Le Sueur. Maskini Lambert hata hakulifaidi, alifariki 1644. Ndugu yake ndiye akaendelea nalo.

Basi tangu hapo likawa linapita mikononi mwa watu. Karne ya 18 lilikuwa la familia ya Émilie du Châtelet, yule mwanamke msomi aliyemtafsiri Newton kwa Kifaransa, mpenzi wa Voltaire.

Sehemu iliyonigusa ni mwaka 1843. Aliyenunua safari hii ni mwanamfalme Adam Czartoryski wa Poland. Kumbukeni Poland ilikuwa imefutwa kwenye ramani tangu 1795, Urusi, Prussia na Austria zimegawana kama keki. Wapoland waliinuka 1830, Czartoryski akaongoza serikali yao, wakashindwa 1831, naye akakimbilia uhamishoni. Jumba lake la Paris likawa kama ofisi ya nchi isiyokuwepo. Wakimbizi walikutana pale, Chopin naye alikuwa akifika, na kundi zima la siasa zake likaitwa kwa jina la nyumba: Hôtel Lambert. Yeye alifariki 1861, na Poland ilirudi 1918. Watoto na wajukuu walilishikilia hadi 1975, likanunuliwa na Baron Guy de Rothschild.

Mwaka 2007 likauzwa tena, safari hii kwa familia inayotawala Qatar. Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Mwenye nyumba alitaka lifti na maegesho ya magari chini ya ardhi. Watetezi wa majengo ya kale wakaenda mahakamani, kazi ikasimamishwa 2009, na mwanzoni mwa 2010 wakafikia makubaliano, mipango ikapunguzwa. Kumbe balaa lilikuwa bado. Julai 2013, ukarabati ukiendelea, moto ukazuka, na chumba cha kuogea kilichopambwa na Le Sueur kikateketea. Mwaka 2022 jumba likauzwa kwa bilionea Mfaransa, Xavier Niel, kwa bei iliyotajwa kuwa kama euro milioni 200. Jamani, hata tukichanga bumu letu chuo kizima hatufikishi hata mlango!

Sasa wengine watasema, mali ni yake, kanunua kwa hela yake, mwacheni. Mimi naona si rahisi hivyo. Fedha ya mnunuzi inalipia kuta na bustani. Ile michoro, na zile shida za Wapoland waliokuwa wanapanga kurudisha nchi yao pale sebuleni, hazikuwa zake muuzaji peke yake. Ila tuwe wakweli pia: bila tajiri wa kulipa mafundi, nyumba ya miaka karibu 400 inaoza. Kwa hiyo siwapingi matajiri kununua. Ninachotaka ni sheria isimame mlangoni kabla fundi hajashika nyundo, kama ilivyosimama 2009. Kilichoungua 2013 hakirudi hata uwe na mabilioni mangapi.

Nyie mnasemaje? Mkiwa na hela, mngeweka lifti au mngepanda ngazi? Watu wa sheria hasa nawasikiliza nyinyi. Ngoja niwahi kipindi cha saa nane, tutaonana kantini.