Anwani ya hadharani

Katika nyumba za kupanga za Kaptembwo, Nakuru, ruta moja yaweza kuhudumia ploti nzima. Ndani, kila simu hupewa anwani yake ya IP, mara nyingi inayoanza na 192.168, isiyofikika moja kwa moja kutoka nje. Nje, zote huonekana kwa nambari moja. Nambari hiyo wengi huiita anwani ya umma, na hapo ndipo ninapopinga. Kwa Mkenya, shule ya umma au ardhi ya umma ni mali ya wananchi. Anwani hii siyo: AFRINIC, shirika la anwani za intaneti barani Afrika lililoko Mauritius, huzigawia kampuni za intaneti anwani hizi, nazo humpa mteja anayelipa. Kinachoipambanua ni kwamba inafikika kutoka popote duniani, kwa hiyo naiita anwani ya hadharani. Watasema neno umma limeshazoeleka. Ni kweli, ila zoea hilo lina gharama. Mwenye duka anayefunga kamera akisikia umma, hashtuki. Akisikia hadharani, atauliza nani anamwona, na atamtaka fundi afunge kwenye ukuta wa usalama (firewall) kila poti asiyoihitaji.