Gito l'ingrat (filamu)

Gito l'ingrat (yaani "Gito asiye na shukrani") ni filamu ya vichekesho ya mwaka 1992 iliyoongozwa na Léonce Ngabo. Ndiyo filamu ndefu ya kubuni ya kwanza kutoka Burundi.

Gito, anayeigizwa na Joseph Kumbela, anarudi kutoka Paris na shahada ya sheria, akiamini kwamba uwaziri unamngoja. Bujumbura, mji mkuu wa wakati huo, haina kazi ya kumpa. Mpenzi wake Mfaransa anapomfuata, anakuta Gito amerudiana na mpenzi wake wa zamani. Wanawake hao wawili wanaungana kumkomoa.

Kisiasa, filamu hii haimtaji mtawala yeyote. Inamcheka anayekitamani kiti, na kwa kufanya hivyo inakisuta kiti chenyewe. Ilitoka mwaka ambao katiba mpya iliruhusu vyama vingi. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita vikafuata.

Makao makuu ya kisiasa ya Burundi sasa ni Gitega, lakini mzaha haujachakaa: kuanzia huko hadi Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, msomi anayesubiri cheo hahitaji kuelezwa Gito ni nani.