Kaka na Dada wa Mlima Mmoja

Usukumani, nchi ambayo Bariadi ni mmoja wa miji yake, picha ilikuwa mwalimu kabla ya daftari. Bayeye, chama cha mafundi wa nyoka, walizipamba kwa michoro kuta za ndani za nyumba walimofundishia wanagenzi wao. Hans Cory aliiandikia michoro hiyo kitabu, kikachapwa London mwaka 1953. Ukuta wa udongo hauna umri mrefu. Kumbukumbu yake ikawa rafuni, ng’ambo.

Kisa hicho kinafanana na cha wachoraji wawili wa Kilimanjaro. Hawakuzaliwa tumbo moja, ila nathubutu kuwaita kaka na dada, kwa kuwa mlima uliowalea ni mmoja.

Sam Ntiro alizaliwa mwaka 1923. Alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha chuo cha Slade, London. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, ikamrejesha mjini humo akiwa balozi wake. Popote alipokaa aliichora nchi ya kwao: migomba, miteremko, watu wakilima na kuvuna. Watu hao ni wadogo, na nyuso zao hazikuchorwa kwa kina. Anenaye ni ardhi, na kazi ya pamoja. Mwenye kudhani huo ni uchanga wa mkono na akumbuke kuwa malenga naye huchagua bahari ya kutungia. Ntiro alifariki mwaka 1993.

Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa mwaka 1954, alihamia Sweden mwaka 1973. Maonyesho yake ya kwanza yalikuwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Yeye aliuleta uso ambao kaka hakuukazia macho. Katika miaka ya themanini alizungumza na wanawake wa Denmark, Tanzania na India, na maneno yao yakazaa michoro na mashairi, maana dada huyu ni mshairi pia.

Picha ya Ntiro ya mwaka 1956, ya wanaume wampelekeao bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Museum of Modern Art, New York. Picha aliyojichora Nicodemus mwaka 1982 ilinunuliwa na National Portrait Gallery, London, mwaka 2022. Ni heshima kubwa, hatuikatai. Lakini mtoto wa Bariadi akitaka kuziona atahitaji pasi ya kusafiria.

Sisi wa ushairi tuna bahati: beti huhifadhiwa kifuani na husafiri bila sanduku. Picha haina wa kuighani. Basi walau nakala zake zitundikwe madarasani, tangu Simiyu hadi Unguja, ili mlima urudi kwa wenyewe, na mtoto wa nyikani apate kuuliza: nani atachora kwetu?